Ni nani waliolibeba Kanisa la Ufipa?

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)



Ukitaja Sumbawanga mbele ya watu wa Dar es Salaam, hata kama ni ndani ya daladala iliyojaa, hakosi mtu wa kucheka. Mmoja atakuuliza kama unajua kupiga radi. Mwingine atasogea kidogo, kwa mzaha, lakini atasogea. Na Wafipa wenyewe wamekwisha kuyazoea maneno hayo, kwa sababu hata jina la mji wao linasema jambo hilo hilo. Wenyeji hulifasiri kuwa ni "tupa uchawi". Neno wanga haliko mbali na mwanga wa Kiswahili cha pwani. Yaani mgeni anapoingia mjini anaambiwa: kama umekuja na mambo yako, yaache huko nje.

Leo sitaki kuzungumza habari za radi. Nataka kuzungumza habari ya pili ya nchi hiyo, ambayo watu wa mijini hawaitaji kabisa. Uwanda wa juu wa Ufipa ni miongoni mwa sehemu za Tanzania ambazo Ukristo umeshika mizizi mirefu sana. Ukisafiri toka Sumbawanga kwenda Chala, Kate na Namanyere, makanisa ya matofali ya kuchoma unayaona kabla hujaviona vijiji vyenyewe. Mengi ni ya Kikatoliki. Baadaye wamekuja Wamoravian, Walutheri, Wabaptisti, ambao waliingia Tanganyika mwaka 1956, na Wapentekoste. Na kila mmoja ana historia yake. Lakini aliyetangulia uwandani ni yule aliyetokea ziwani, Karema, na historia yake ndiyo ninayotaka tuitazame. Swali langu ni moja tu: ni nani hasa waliolibeba kanisa hilo, na mbona majina yao hatuyajui?

Karema iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Haikuanza kama misheni. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alifika hapo akitumwa na jumuiya aliyoiunda Mfalme Leopold wa Pili, akaanzisha kituo. Jumuiya hiyo ilisema inataka kuifungua Afrika kwa sayansi na kukomesha utumwa. Mengine yaliyokuwa moyoni mwa mfalme huyo yalikuja kuonekana Kongo. Mwaka huo huo wa 1879 waliteremshwa ndovu wanne wa Kihindi pwani karibu na Dar es Salaam, ili ijaribiwe kama wanyama hao wangeweza kuchukua mizigo badala ya wapagazi. Walitembezwa kuelekea bara, wakafa mmoja baada ya mwingine. Kapteni Carter aliyewaongoza aliuawa mwaka 1880 huko Mpimbwe. Nayataja haya kwa kupita tu, lakini nadhani ni vizuri tujue kwamba miradi ya kigeni inayofia njiani haikuanza na sisi.

Ngome ya Karema ilijengwa karibu na maji. Lakini mwaka 1878 Ziwa Tanganyika lilikuwa limeupasua mlango wake wa kutokea, Mto Lukuga, na maji yakaanza kupungua mwaka hadi mwaka. Ufuko ukarudi nyuma, ngome ikabaki nchi kavu. Mwaka 1885, baada ya Mkutano wa Berlin, Leopold akaelekeza macho yake Kongo na kuwakabidhi kituo hicho wamisionari ambao tumezoea kuwaita Mapadre Weupe.

Shirika hilo lilianzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868. Msafara wake wa kwanza uliondoka Bagamoyo mwaka 1878, ukagawanyika Tabora: wengine wakaenda Nyanza hadi Buganda, wengine wakaenda Tanganyika na kufika Ujiji mapema mwaka 1879. Lavigerie aliwawekea watu wake kanuni ambazo hazikuwa nyepesi. Wasikae kituoni pungufu ya watatu. Wajifunze lugha ya wenyeji. Kila kituo kiandike shajara, siku kwa siku. Na mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa muda mrefu: miaka minne, miwili ya mwanzo akiwa anaomba tu kupokewa, amevaa medali shingoni, na miwili akiwa mkatekumeni.

Tusimame hapo kwenye miaka minne, msikilizaji, kwa maana hapo ndipo penye jibu la swali langu. Hebu fanya hesabu. Kituo kina mapadre watatu. Mmoja ana homa, mmoja yuko safarini, mmoja anajenga. Vijiji vilivyo chini ya kituo hicho vimetawanyika, kingine ni mwendo wa siku mbili, njia ni ya miguu na kuna ukingo wa kupanda toka ziwani hadi uwandani ambao hata kijana mwenye nguvu huupanda akihema. Nani atakayewafundisha watu wa kijiji hicho, mara kadhaa kwa juma, kwa miaka minne? Nani atakayejua kama yule mama ameacha kuhudhuria kwa uvivu au kwa kufiwa? Nani atakayembatiza mtoto mchanga anayekata roho usiku?

Ni mwalimu wa dini, yaani katekista. Hakukuwa na mtu mwingine.

Wa kwanza wao kwa jina, na mmoja wa wachache ambao jina limesalia, hakuwa Mfipa wala hakuzaliwa upande huu wa Afrika. Adrian Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 katika nchi ambayo leo ni Mali, kandokando ya Mto Niger. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani na kuvushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamsomesha, na baadaye wakampeleka kisiwani Malta, ambako Lavigerie alikuwa amefungua chuo mwaka 1881 kwa ajili ya vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani. Shabaha ilikuwa kuwafanya matabibu na makatekista kwa pamoja. Lavigerie aliamini kwamba Mwafrika ndiye atakayemhubiria Mwafrika, na kwamba dawa hufungua milango ambayo mahubiri peke yake hayafungui.

Atiman alimaliza masomo ya utabibu mwaka 1888, akaingia katika msafara, na mwaka 1889 akafika Karema. Hakuondoka tena. Alioa mwanamke wa huko huko. Mtoto wake Joseph akawa padre. Aliwatibu watu chini ya Wajerumani, akawatibu chini ya Waingereza, akafa Aprili 1956 akiwa na umri unaokaribia miaka 90. Ni miaka 67 ya kazi mahali pamoja. Alipokuwa anafika, biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea ziwani. Alipokuwa anakufa, TANU ilikuwa na karibu miaka miwili. Fikiria mtu aliyeuzwa kama mbuzi akiwa mdogo, halafu akaishi kuwa daktari wa watu wasiomjua kwa ukoo wala kwa lugha, umbali wa maelfu ya maili toka kwao. Leo ipo hospitali mjini Sumbawanga yenye jina lake, na Dar es Salaam ipo nyumba ya Mapadre Weupe iitwayo Atiman. Wanaopita mbele ya nyumba hiyo kila siku ni wengi. Wanaojua Atiman ni nani, nadhani wangetosha katika basi moja dogo.

Hata hivyo Atiman amebahatika. Alikuwa na shahada, alijua Kifaransa, wageni walimwona na kumwandika. Waliobaki hawakuandikwa.

Karema ya mwanzo ilikuwa kijiji cha watu waliokombolewa. Kulikuwa na yatima, kulikuwa na wakimbizi wa vita na wa wafanyabiashara ya watumwa. Mfaransa mmoja, Kapteni Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikuja kuwalinda kwa bunduki. Baadaye akavuka kwenda Mpala, upande wa Kongo, akaoa huko na kufa huko mwaka 1927. Ilikuwa misheni ya ngome na boma. Lakini watu wengi hawakuwa ziwani. Walikuwa juu, uwandani, katika falme mbili za Nkansi na Lyangalile, watu wakulima na wafua chuma, wenye amani kiasi kwamba mpelelezi Joseph Thomson, aliyepita mwaka 1880 na kuonana na Mwene Kapufi, aliwasifu waziwazi. Matanuru yao ya kuyeyushia chuma, marefu kupita kimo cha mtu, mengine yamesimama hadi leo.

Aliyeongoza kazi ya kupanda uwandani ni Askofu Adolphe Lechaptois. Alikuwa ametokea Nyasaland, akawa mkuu wa vikariati ya Tanganyika mwaka 1891, akakaa hadi kufa. Alikuwa mtu wa kuandika: mwaka 1913 alitoa kitabu kwa Kifaransa juu ya nchi na watu wa pande hizo. Katika wakati wake ndipo vituo vilipofunguliwa kimoja baada ya kingine, na ndipo Karema ilipoanza kulea masista wazalendo, ambao leo wanajulikana kama Masista wa Maria Malkia wa Afrika.

Ikaja vita ya kwanza ya dunia. Waingereza waliitwaa Bismarckburg, ambayo ndiyo Kasanga ya leo, mwezi Juni mwaka 1916. Wapagazi walichukuliwa, chakula kilichukuliwa, na kazi ya misheni ikavurugika. Mwaka 1917 Lechaptois akafa. Askofu aliyefuata, Birraux, alipatikana mwaka 1920. Kwa hiyo kwa muda wa miaka mitatu hivi kanisa lilikuwa halina askofu, na ndani ya miaka hiyo hiyo ilipita homa kali ya mwaka 1918 iliyoua watu dunia nzima.

Lakini kanisa halikufa. Watu waliendelea kukutana Jumapili, watoto waliendelea kufundishwa, wafu walizikwa kwa sala. Ukiuliza nani aliyekuwa akifanya hayo katika kijiji ambacho padre hafiki, jibu ni lile lile. Walikuwa wanaume wenye jembe na katekisimu, ambao wake zao waliwalisha wageni wa kanisa kutoka ghala la nyumbani. Na hao wake nao tuwahesabu. Sijaona popote palipoandikwa kuwa walikuwa watumishi wa kanisa, ingawa unga ulikuwa wao.

Kuna jambo jingine kuhusu Wafipa ambalo lazima lisemwe. Kwa desturi yao ya zamani, mtoto alipoachishwa ziwa hakuendelea kulala kwa wazazi wake. Alikwenda kwa bibi, na akikua kidogo alilala na vijana wenzake. Msomi mmoja Mmarekani, Kathleen Smythe, aliyeongea na wazee wengi wa Nkansi na kutoa kitabu mwaka 2006, ameonyesha jinsi desturi hiyo ilivyorahisisha kazi ya misheni. Mabweni hayakuwa kitu kigeni. Mtoto aliyekwenda kulala misheni hakuwa ameibwa na mtu. Alikuwa amefanya kama watoto walivyofanya siku zote, ila safari hii wazee wake walikuwa wa rangi nyingine.

Basi kutoka mabwenini wengine wakaenda seminari, wakasoma Kilatini kwa miaka mingi, wakafika hadi Kipalapala. Wasichana wakaingia utawani. Ufipa ukawa shamba la mapadre na masista. Sisi wa mjini tunaona hiyo ni sifa tu. Lakini mkumbuke, kwa mzazi wa Kifipa, kama kwa mzazi yeyote wa Kiafrika, mtoto ni uzao. Padre haoi. Sista hazai. Mzazi aliyekuwa na watoto watatu akatoa wawili kwa kanisa, ametoa wajukuu ambao hatawaona. Nani atamchotea maji uzeeni? Zilikuwepo familia zilizokataa, na zilikuwepo zilizokubali kwa machozi. Hiyo nayo ni sadaka, tena kubwa kuliko ya kwenye kikapu.

Sasa nirudi kidogo kwenye uchawi, kwa sababu sitaki mtu aseme nimeukwepa. Mwaka 1963 na 1964, wakati idadi kubwa ya Wafipa walikwisha kubatizwa, kulipita uwandani harakati iliyoitwa kamcape. Vijana waliingia kijijini, wakawakusanya watu, wakawataka watoe pembe na hirizi zao, wakawanywesha dawa ambayo ilisemekana kwamba anayerudia uchawi baada ya kuinywa itamuua. Asili ya jina hilo ni mchape wa Nyasaland. Mtaalamu Roy Willis alikuwako Ufipa akiyaona hayo kwa macho yake. Sheria ya uchawi, ambayo ni ya mwaka 1928, haikuwaruhusu, lakini vijiji viliwaita, na waumini walijipanga mstari.

Wako waliosema: basi miaka 80 ya misheni imekuwa bure. Mimi sikubaliani nao. Mtu anayejipanga mstari atupe pembe zake anataka kijiji kisicho na uovu, na hilo ndilo aliloahidiwa alipobatizwa. Swali gumu ni kwa nini aliona maji peke yake hayakutosha. Padre, aliyekuja mara chache kwa mwaka, aliweza kulipuuza swali hilo na kurudi misheni. Katekista hakuweza. Yeye aliishi hapo. Jirani yake ndiye aliyeshutumiwa, na mkewe ndiye aliyeulizwa kama naye atakunywa. Nina hakika mafundisho mazito kabisa ya dini katika Ufipa hayakutolewa kanisani. Yalitolewa usiku, kwenye moto, na mtu asiye na shahada, akimzuia ndugu yake asiende kumchomea nyumba bibi kizee. Na kwa kuwa mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi hayajakwisha katika nchi yetu, kazi hiyo nayo haijakwisha.

Mwaka 1958 Karema ikapata askofu mwananchi, Charles Msakila. Ndiye aliyekuwa askofu wakati wa Mtaguso wa Vatikano, ndiye aliyekuwako sala zilipoachwa kusemwa kwa Kilatini. Mwaka 1969 jimbo likabadilishwa jina, likawa la Sumbawanga. Na mwaka 1974 mji huo ukawa makao makuu ya mkoa mpya wa Rukwa. Msakila aliongoza hadi alipofariki mwaka 1994. Alifuatwa na Damian Kyaruzi mwaka 1997, na Beatus Urassa mwaka 2018. Mwaka 2000 likakatwa jimbo la Mpanda, na mwaka 2012 ukakatwa mkoa wa Katavi. Matokeo yake ni kwamba Karema, mama wa makanisa yote ya Ufipa, leo haimo katika jimbo la Sumbawanga wala katika mkoa wa Rukwa. Watu wanaifahamu zaidi kwa bandari mpya.

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo penye wasiwasi wangu. Maaskofu nimewataja kwa urahisi, na miaka yao. Kuhusu makatekista nimeweza kumtaja Atiman tu. Si kwamba hawakuwapo. Zile shajara ambazo Lavigerie aliamuru ziandikwe siku kwa siku ziliandikwa, tena kwa uaminifu, lakini ziliandikwa kwa Kifaransa, na ghala lake kubwa liko Roma. Mjukuu wa katekista wa Kate akitaka kujua babu yake alifanya nini mwaka wa njaa, inampasa kwanza ajifunze Kifaransa, halafu atafute nauli ya ndege. Wasomi wa kigeni wamekwenda, wamesoma, wameandika vitabu vizuri kwa Kiingereza. Tunawashukuru. Lakini vitabu hivyo huvikuti Sumbawanga sokoni, na bei yake ingemtosha mkulima kununua mifuko ya mbolea.

Na katekista wa leo? Aghalabu bado analima kama wenzake. Posho yake, kama ipo, ni ndogo. Anaongoza ibada ya Jumapili kigangoni, anazika, anapatanisha wanandoa, anawafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, na akizeeka anapewa shukrani. Parokia inapoadhimisha jubilei, huchapishwa fulana na vitenge vyenye picha ya askofu na ya paroko. Sina ugomvi na vitenge. Ninasema gharama ya doti chache ingetosha kununua daftari nene na kalamu, na kumtuma kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne akae na wazee wa kila kigango, aandike: nani alitufundisha, alitoka wapi, mke wake aliitwa nani, alizikwa wapi. Siku hizi simu ya mkononi inanasa sauti, kwa hiyo hata kisingizio cha kutojua kuandika haraka hakipo. Wale waliofundishwa kabla ya uhuru wamebaki wachache, na wako wanaofariki kila msimu wa mvua.

Kuhusu Roma, majimbo yote mawili, la Sumbawanga na la Mpanda, yanaweza kuomba nakala. Picha za kurasa si mzigo wa meli. Na mapadre wetu wanaosoma Kifaransa wapo. Mmoja akipewa mwaka mmoja wa kufasiri shajara za Karema na Kate kwa Kiswahili, atakuwa amewahubiria watu wengi kuliko angewahubiria mimbarani.

Kama hata hayo ni mazito, kuna pa kuanzia ambapo hapahitaji fedha wala ruhusa ya mbali. Katika ofisi ya kila parokia ya zamani mna daftari la ubatizo. Kila mstari una jina la mtoto, la wazazi, la msimamizi, na mahali pa jina la aliyebatiza. Kwa kawaida ni padre. Lakini mtoto aliyebatizwa akiwa katika hatari ya kufa, kijijini, usiku, padre akiwa mbali, hapo pameandikwa jina jingine. Paroko akikaa jioni chache na taa yake, akayatoa majina hayo moja moja pamoja na miaka na vijiji, atakuwa na orodha.